Namba Tisa za Kituo cha Mlimani

Ofisini walimwita Sura ya Nne, na jina hilo hakuliokota njiani. Kwa miaka minne mfululizo, kila aliyemuuliza tasnifu imefika wapi alijibiwa hivyo hivyo: "Niko sura ya nne." Mwaka wa kwanza watu walimtia moyo. Wa pili wakanyamaza. Wa tatu, mhadhiri mmoja ambaye hana dogo akalitamka hilo kama jina katikati ya kikao cha idara, kikao kizima kikaangua kicheko, na tangu siku ile hata mfagiaji wa ukumbi alimwamkia, "Sura ya Nne, za asubuhi?" Naye aliitika. Angefanya nini? Alikuwa amechoka mno kugombana na watu juu ya jina, na bado ana ngazi tatu za kupanda hadi ofisini.

Miaka tisa, jamani. Alianza shahada ile ya udaktari akiwa na mtoto mgongoni, na sasa mtoto huyo ni binti wa darasa la nne anayemkosoa mama yake jinsi ya kushika kompyuta. Alikuwa anatafiti biashara ya kimataifa na maendeleo ya uchumi, maneno ambayo mama mkwe wake aliwafafanulia majirani kwamba "mkwe wangu anasomea mambo ya duka." Basi majirani wakawa wanamuuliza kwa nini hafungui hilo duka.

Kiini cha utafiti wenyewe hakikuwa kigumu. Mumewe, fundi wa friji, alikuwa anakieleza vizuri kuliko yeye, tena huku ameshika bisibisi. Nchi mbili jirani zilitia sahihi mkataba wa biashara. Kabla ya mkataba, kwenye kituo cha forodha cha mlimani, zilikuwa zinapita aina tisa tu za bidhaa. Mwaka wa mkataba zikawa mia mbili na kumi na nne. Tisa, halafu mia mbili na kumi na nne! Kwa hiyo mkataba umefungua mlango, watu wadogo wameingia sokoni na vitu vya kila namna, na hayo ndiyo maendeleo. Chati yake ilikuwa na mstari uliolala chini miaka kumi bila kujitikisa, kisha ghafla ukasimama wima kama mtu aliyekalia sindano.

Chati ile ilimlisha miaka mingi. Yeye na Profesa wake, msimamizi wa tasnifu, waliandika makala juu yake, ikachapishwa kwenye jarida la nje, watu wa wizara wakainukuu kwenye hotuba zao. Profesa aliipachika ukutani ofisini kwake ndani ya fremu. Kilichobaki kilikuwa kuitetea tasnifu mbele ya jopo Ijumaa moja iliyokwisha pangwa, na Ijumaa hiyo ndiyo ilikuwa siku ya mwisho ya nyongeza yake ya mwisho. Asipopita siku hiyo, jina lake linafutwa kwenye daftari la chuo. Na chuo chenyewe kilikwisha kutoa waraka: asiye na shahada ya udaktari hafundishi tena kuanzia mwaka ujao. Mambo yalikuwa yamemfika shingoni, na yeye alichotaka ni kumaliza tu. Hata furaha ya kumaliza hakuwa nayo tena. Alitaka kulala.

Ndipo ikaja barua ya mtahini wa nje, Jumatatu asubuhi ya wiki iliyotangulia, mistari mitatu. Alimpongeza kwa kazi nzuri, kisha akaomba jambo moja dogo: takwimu za kituo cha mlimani zioneshwe kwa kila mwezi, badala ya mwaka mzima mzima, na maelezo mafupi yaletwe kabla ya siku ya kutetea.

Jambo dogo! Sura ya Nne alifungua kompyuta, akazigawa takwimu kwa miezi, akabonyeza, akasubiri. Mstari ukatokea. Ulikuwa umelala, umelala, umelala, halafu ukaruka mwezi wa tatu.

Mkataba ulianza kazi mwezi wa saba.

Alirudia mara nne. Alizima kompyuta akaiwasha tena, mambo ya kujidanganya hayo. Mwezi wa tatu ni mwezi wa tatu. Miezi minne kabla mlango haujafunguliwa, watu walikwisha ingia. Akashika tama pale mezani, na mwenzake wa ofisi akamuuliza kama ameng'atwa na kitu.

Kesho yake alikwenda chumba cha kumbukumbu cha forodha, kwenye jengo lao la ghorofa mbili nyuma ya posta. Mtunza kumbukumbu, mama mmoja aliyekuwa akikohoa vumbi la kazi yake mwenyewe, alimtazama juu hadi chini.

"Fomu zenyewe za karatasi? Hazijaombwa na mtu tangu niajiriwe. Ninyi wa chuo si mnatumiwaga kwenye kompyuta?"

"Tunatumiwa, mama. Safari hii nataka kuziona kwa macho."

"Haya. Macho ni yako."

Aliletewa makasha kumi na moja. Akalifungua la kwanza, la pili, la tatu. Mwandiko ulikuwa mmoja, mzuri kabisa, umelala kidogo upande wa kulia, wa mtu aliyefundishwa na mwalimu mkali. Kila fomu ina safu ya kuandika namba ya bidhaa, maana kila kitu kinachovuka mpaka duniani kina namba yake, kuanzia ng'ombe hadi kifungo cha shati, na kitabu cha namba hizo kina maelfu. Kwenye fomu hizi namba zilikuwa tisa. Siku baada ya siku, mwaka baada ya mwaka, tisa zile zile. Zikaenda hivyo hadi siku ya mwisho ya mwezi wa pili wa mwaka ule wa mkataba. Fomu iliyofuata, ya tarehe mosi mwezi wa tatu, ilikuwa imechapwa na mashine, na ilikuwa na namba thelathini na moja kwa mara moja.

Alikaa juu ya kasha. Alikuwa amekwisha elewa, ila moyo ulikuwa bado unambishia.

Jina la karani mwenye mwandiko ule alilipata kwenye faili la wastaafu, na kumbe mwenyewe alikuwa anaishi mji huo huo, nyumbani kwa binti yake mshonaji. Sura ya Nne alimkuta barazani anasoma gazeti la juzi, shati limefungwa vifungo hadi kooni. Aliposikia mgeni ametoka chuo kikuu na anataka kuzungumzia kazi yake ya zamani, mzee alisimama, akaenda kuvaa viatu, ndipo akarudi kukaa.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Nilijua ipo siku mtakuja. Karani ameandika miaka kumi na minane, haiwezekani asije mtu hata mmoja kuuliza."

"Nimekuja kuuliza habari za namba, mzee. Namba za bidhaa. Kwa nini zilikuwa tisa?"

Mzee akacheka, cheko la mtu aliyeulizwa jambo analoliweza.

"Kitabu cha namba kilikuwa kimoja kituo kizima, kinene kama tofali mbili. Mkuu wa kituo alikifungia kabatini kwake kisichakae, na mkuu mwenyewe kila siku yuko semina na ufunguo uko mfukoni. Mimi nipo dirishani. Nje kuna foleni, watu wana mizigo kichwani, kina mama wana watoto, jua linachoma, huko mlimani hakuna hata kivuli. Ushuru wa mzigo wa kichwani ulikuwa mmoja tu, uwe umebeba nini. Namba haiongezi wala haipunguzi. Sasa nimwambie mtu asubiri mkuu arudi semina? Nikajitengenezea kadi yangu. Namba tisa nilizokuwa nazijua kwa kichwa. Ngozi, mafuta, nafaka, nguo, mbao, chuma, udongo, plastiki na wanyama. Kila kitu duniani kimo humo, ukifikiri vizuri."

"Kila kitu?"

"Nijaribu."

Sura ya Nne hakutaka kumjaribu. Mdomo ukamjaribu wenyewe. "Viatu?"

"Ngozi."

"Sabuni?"

"Mafuta. Hilo la mtoto mdogo."

"Madaftari ya shule?"

"Mbao. Karatasi si inatoka kwenye mti?"

"Miwani?"

"Udongo," mzee akasema bila kupepesa. "Kioo ni mchanga uliochomwa. Nilimuuliza fundi."

"Asali?"

Hapo alifikiri kidogo. "Wanyama. Nyuki ana roho."

Sura ya Nne akacheka. Alicheka mpaka akainama, mpaka binti mshonaji akachungulia dirishani na kipande cha uzi mdomoni, na kwenye kucheka huko huko machozi yakamtoka, akawa anayafuta kwa kiganja na kujisingizia vumbi. Vitu vyote vile mia mbili na kumi na vinne, vitana na sufuria na dawa ya meno na vifungo, vilikuwa vinapita pale mlimani siku zote, mkataba haujaingia hata kwenye ndoto za mtu. Watu wadogo walikuwa sokoni tangu zamani. Hakuna aliyewafungulia mlango wowote. Kilichobadilika mwezi wa tatu ni kwamba mzee huyu alistaafu, akaja karani mwingine mwenye kompyuta iliyokuwa na orodha yote ya namba ndani.

"Nilikosea?" mzee akauliza. Uso ulikuwa umemshuka kidogo.

"Hapana, mzee. Foleni ilisonga."

"Ilisonga! Waulize wowote wa wakati ule." Akachangamka tena. "Sasa, hiki kitabu unachoandika huko chuo, mimi nimo?"

"Itabidi uwemo," alijibu, na wakati ule alikuwa anasema kweli.

"Kinasomwa lini?"

Akamwambia: Ijumaa ya wiki ijayo, saa nne asubuhi, ukumbi mdogo wa kitivo, shughuli ni wazi kwa watu wote. Alisema kama mtu anavyomwelekeza mgeni njia, bila kufikiri. Mzee akatoa kalamu, akaandika pembeni ya gazeti kwa ule mwandiko wake mzuri.

Profesa alimsikiliza hadi mwisho, na hilo si jambo dogo kwa Profesa. Ofisi yake ilikuwa imejaa makatoni. Alikuwa anastaafu baada ya wiki tatu, vitabu vilikwisha pangwa, ukutani imebaki ile makala ndani ya fremu peke yake. Alikuwa na mazoea ya kuanza kila sentensi na "kwa ujumla."

"Kwa ujumla," akasema, "wafanyabiashara wana masikio. Mkataba ulitangazwa redioni tangu Januari. Walisikia, wakajiandaa, wakaanza kuvusha mapema. Matarajio hayo. Wako waliokwisha yaandika kwingine, unawanukuu wawili watatu, umemaliza."

"Lakini si kweli, Profesa."

"Nani anajua?"

"Mimi. Wewe. Na yule mzee."

"Watu watatu." Profesa alivua miwani akajikanda macho. Bila miwani alionekana mzee kweli kweli, na Sura ya Nne akamwonea huruma, huruma ambayo hakuwa na nafasi nayo. "Mwanangu, sikulazimishi. Kwa ujumla mimi nimechoka kuliko wewe. Ukilifungua hili leo, huna siku za kulifunga. Ijumaa ikipita, hauko kwenye daftari. Mwakani hauko kazini. Na makala yetu, haya, ile tuiache. Yule karani atapata nini? Chuo kitapata nini? Pita kwanza. Ukishapita, andika ukweli wako utakavyo, hata vitabu kumi."

Na kweli, kila neno lilikuwa na akili ndani yake, hapo ndipo palipomuuma. Akatafuta mahali pa kubishia, akakosa. Alirudi mezani kwake akaandika mistari minane kuhusu matarajio ya wafanyabiashara. Ilitoka kwa urahisi wa kutisha. Miaka tisa alikuwa anakamua sentensi moja moja kama mtu anayekamua nguo nzito, leo mistari minane robo saa! Akaituma Jumatano. Alhamisi mtahini wa nje akajibu kwamba ameridhika kabisa.

Nyumbani hakusema kitu. Mumewe alikuwa ameshabandika karatasi kwenye mlango wa karakana, IJUMAA HAKUNA KAZI, na friji tatu za watu zikisubiri ndani. Huyu ndiye aliyesuka nywele za binti kwa miaka yote mama mtu akiwa maktaba, tena vibaya mwanzoni, mpaka mtoto akachekwa shuleni, naye akaenda kwa msusi kukaa pembeni na kujifunza bila aibu. Ndiye aliyejibu maswali ya mama yake kuhusu lile duka. Hakuwahi kumwambia mkewe "acha." Mara moja tu, mwaka wa sita, alisema, "Mama watoto, hivi huko mwisho upo?" kisha akajuta siku tatu.

"Una nini?" alimuuliza asubuhi ile ya Ijumaa, anamfungia mkufu.

"Uchovu tu."

"Leo unaisha. Saa sita mchana unaanza kunikoromea, na mimi nakuacha ulale."

Akacheka kidogo.

Ukumbi mdogo wa kitivo ulikuwa na viti arobaini na harufu ya rangi mpya. Jopo la watu wanne lilikaa mbele: mwenyekiti, watahini wawili wa ndani, na yule wa nje, mwanamume mwembamba aliyekuja na begi lake kabisa kwa sababu ana ndege ya jioni. Profesa alikaa safu ya kwanza. Nyuma walikuwepo wanafunzi wachache, wenzake wa idara, na mumewe aliyekuwa ameegemea ukuta karibu na mlango, kreti mbili za soda miguuni.

Saa nne na dakika mbili akaingia mzee karani. Shati limepigwa pasi, vifungo hadi kooni. Akatafuta kiti, akamwona Sura ya Nne kule mbele, akampungia mkono. Damu ikamwishia Sura ya Nne usoni. Alikuwa amemsahau! Siku kumi alikuwa anamfikiria mzee huyu mchana na wakati wa chakula na njiani, na bado alikuwa amesahau kwamba ni mtu mwenye miguu na anaweza kuja.

Aliwasilisha kwa dakika ishirini. Akaonesha chati. Akasema "matarajio" mara tatu, na kila mara hakuthubutu kutazama safu za nyuma. Maswali yalikuwa mepesi. Watahini walikuwa wameshaamua, ilionekana hata namna walivyokuwa wanakunja makaratasi. Mwenyekiti akatabasamu, akatamka yale maneno ya desturi, "Kuna yeyote ukumbini mwenye swali?" na huku mkono uko tayari juu ya faili.

"Mimi hapa."

Vichwa vikageuka. Mzee alikuwa amesimama, kidole juu kama mwanafunzi.

"Samahani, waheshimiwa. Sina swali, nina msaada. Huyu binti amesema vizuri sana, ila naona pale kwenye mwezi wa tatu amepata taabu kidogo, mambo mengi, amesahau. Ile siyo matarajio. Ile ni mimi."

Kicheko kikapita ukumbini. Mwenyekiti akaweka sauti ya upole, ile ya kumwondoa mtu. "Mzee wangu, asante sana. Hapa maswali ni ya kitaaluma. Tafadhali, kuna mtu wa kumsaidia mzee apate hewa nje?"

Aliyekuwa karibu zaidi ni mumewe. Alishamfikia, ameshamshika kiwiko kwa heshima zote. "Twende, baba, tukae kule kivulini." Mzee alikuwa hajaelewa bado. Alimtazama Sura ya Nne, anangoja amsemee.

"Mtahiniwa," mwenyekiti akauliza, bila uzito wowote, "unamfahamu mzee huyu?"

Profesa akatikisa kichwa. Kidogo tu, kama mtu anayefukuza nzi.

Neno lenyewe lilikuwa moja. Akisema "hapana," mumewe anamtoa mzee nje, mwenyekiti anafunga faili, na saa sita yeye ni daktari. Alimwona mumewe kule nyuma, amemshika mzee kiwiko, anasubiri jibu lake. Alimpenda mno wakati ule, na kwa ajili yake hasa alitamani kusema hapana.

"Muache," alimwambia mumewe. Kisha akamgeukia mwenyekiti. "Namfahamu. Ni karani wa kituo cha mlimani. Anasema kweli, na mimi nilijua kabla sijaandika ile mistari minane."

Akaeleza yote, ya kitabu kilichofungiwa kabatini, ya mkuu na semina zake, ya foleni. Sauti ilikuwa imechoka lakini haikutetemeka. Alipomaliza, mzee akapita katikati ya viti, akatoa mfukoni kadi yake ya zamani iliyofungwa kwenye nailoni, akaiweka mbele ya mtahini wa nje kama mtu anayewasilisha kitambulisho.

Mtahini aliisoma. "Redio?" akauliza.

"Chuma."

"Vitana?"

"Plastiki. Vya zamani, wanyama. Vilikuwa vya pembe."

Mtahini akatabasamu, kisha tabasamu likamkauka taratibu, kwa kuwa alikuwa mtu wa hesabu na hesabu ilikuwa imeshamfikia. Akaitazama chati ukutani, ule mstari uliosimama wima, akaitazama kadi.

Jopo lilitoka dakika ishirini na tano. Liliporudi, mwenyekiti alisoma bila kuinua macho: tasnifu haiwezi kupita katika hali yake, nusu yake ya pili inahitaji kuandikwa upya, na kwa kuwa muda wa mtahiniwa unakwisha leo, jopo halina mamlaka ya kuuongeza. Akipenda anaweza kuomba upya, kama mwanafunzi mpya, mwaka wa kwanza.

Watu wakatoka kimya kimya, wengine wakimpa pole ya mkono, wengine wakijitia kutafuta simu zao. Mtahini wa nje alimjia na begi lake mkononi. "Pole," akasema. "Ningejua, nisingeuliza." Akawahi ndege yake. Profesa alipita hadi mlangoni, akasimama, akarudi hatua mbili. "Wiki mbili tu, mwanangu," akasema. "Ungeniachia wiki mbili." Safari hii hakuanza na "kwa ujumla." Akaondoka.

Wakabaki wawili kati ya viti. Mumewe alikuwa amekaa juu ya kreti.

"Nisamehe," Sura ya Nne akasema.

"Ulijua tangu lini?"

"Wiki iliyopita."

"Na mimi hukuniambia."

"Ungeniambia nini?"

Alifikiri. Alikuwa na hasira, na hakuificha, misuli ya shavu ilikuwa inacheza. "Ningekwambia unyamaze," akasema. "Wallahi ningekwambia unyamaze. Miaka tisa, mama watoto!"

"Miaka tisa."

"Na bado mimi ndiye nilikuwa namtoa yule mzee nje. Kwa mikono yangu hii."

Sura ya Nne akakaa kiti cha pembeni yake, akavua viatu. Angelia kama angepata nguvu.

Mlango ukasukumwa. Mzee karani, aliyekaa kivulini nje tangu jopo lilipotoka na uamuzi hakuusikia, alikuwa amerudi kuchukua kadi yake. Aliikuta mezani kwa jopo, akaifuta kwa leso, akaitia mfukoni, kisha akawasogelea akiwa amejaa furaha ya mtu aliyefanya kazi yake na ikaonekana. Alimpa mumewe mkono.

"Wewe ndiye bwana wake? Hongera. Mkeo amesimama kama askari. Ila bila mimi angekwama pale mwezi wa tatu, au siyo? Nimemsaidia?"

Sura ya Nne akainua uso. Mumewe hakumtazama mzee, alimtazama yeye. Alimtazama kwa muda mrefu, na ile misuli ya shavu ikacheza, ikacheza, ikatulia.

"Umemsaidia sana, baba," akasema. Akainuka kwenye kreti, akachomoa chupa moja, akaifungua. "Kaa unywe soda. Umesimama muda mrefu."

Mzee akakaa. Akanywa fundo moja, akajipangusa mdomo, akauliza mahafali ni tarehe ngapi, kwa sababu suti yake iko kwa binti yake mwingine, kule mbali, na itabidi aiagize mapema.